Naitrojeni shambani Malindi: pima udongo kipande kwa kipande kabla hujanunua mbolea

Mawingu ya masika yakianza kujikusanya, maswali huwa ni yale yale. "Mahindi yangu yanageuka manjano, nitie nini?" "Jirani katia mfuko mmoja wa mbolea ya CAN kavuna, mimi nimetia mfuko kama huohuo sikuona kitu. Mbolea ni feki?" "Udongo wangu umechoka?" Nimeyajibu barazani, nimeyajibu ndani ya matatu, na mara moja nimeyajibu matangani huku tukisubiri chai. Nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja.

Jibu lenyewe ni kwamba shamba letu la Malindi mara nyingi si shamba moja. Mtu wa Msabaha au Kakuyuni ana ekari tatu: upande mmoja mchanga, upande mwingine wekundu, chini kuna kibonde kinachotuama maji. Mchangani amelima mahindi miaka kumi mfululizo, kando kuna mikorosho ya babu, na nyuma ya nyumba palikuwa na mivinje iliyokatwa majuzi ikauzwa fito. Kila kipande hapo kina naitrojeni yake, yaani kile chakula cha mmea kinacholeta majani ya kijani. Ukivipima pamoja, au ukavitia mbolea sawasawa, unalipia kitu usichokipata.

Mimi mwenyewe nilianza hivyohivyo. Mara ya kwanza nilizunguka shamba lote na ndoo moja, nikachanganya mchanga wa juu na udongo wa bondeni, nikapeleka. Majibu yalikuja mazuri, ya wastani, nikatia mbolea kama nilivyoambiwa. Bondeni mahindi yalijaa majani hata yakalala kwa upepo. Mchangani yalinifika kiunoni yakakomea hapo. Maabara haikukosea. Ule wastani haukuwa wa kipande chochote changu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Jembe au koleo, na panga.
- Ndoo ya plastiki iliyo safi. Iliyowahi kubeba mbolea au samadi usiitumie hata ukiiosha. Ya bati pia iache, zinki yake huharibu majibu.
- Turubai au gunia safi la kuanikia.
- Mifuko ya kaki au ya nailoni, mipya. Mfuko wa mbolea uliokung'utwa haufai.
- Kalamu ya wino usiofutika, daftari, na rula au kijiti ulichokitia alama ya inchi 8.
- Madumu ya lita 5, mawili kwa kila kipande cha shamba, yaliyokatwa juu na kutobolewa chini.
- CAN kidogo (mbolea yenye naitrojeni) na TSP kidogo sana (mbolea yenye fosforasi, isiyo na naitrojeni). Konzi moja moja yatosha.
- Muda. Kwa msimu wa masika anza Februari, kwa vuli anza Agosti. Ukingoja mvua inyeshe ndipo uchimbe, umechelewa.

Hatua kwa hatua

1. Chora shamba lako.
Huhitaji ramani ya serikali. Chora kwenye daftari, weka nyumba, njia, miti mikubwa, na mahali maji yanapotuama. Kisha pita ukiangalia rangi ya udongo na mteremko. Penye mabadiliko piga mstari.

2. Ujue udongo wako kwa mkono.
Chukua konzi ya udongo, uloweshe maji kidogo, ukande kama unga wa chapati. Ukishindwa hata kuufanya donge, ni mchanga. Ukikubali donge lakini ukivuta uzi unakatika mapema, ni tifutifu au mchanga wenye udongo kidogo. Ukitoa uzi mrefu unaopindika bila kupasuka, ni mfinyanzi.

Huku kwetu utakutana na aina hizi:

Mchanga mweupe au wa kijivu wa ukanda wa bahari. Haushiki kitu. Naitrojeni ikishageuka naitreti (umbo lake linaloyeyuka majini) huyeyuka na kuteremka na maji, na mvua kubwa ya Mei huipeleka chini ya mizizi kwa siku chache.

Udongo mwembamba juu ya mwamba wa tumbawe. Una chokaa. Mbolea ya urea ikiachwa juu yake hugeuka hewa ya amonia ikapaa. Utaisikia kwa pua, harufu ya choo cha zamani. Siku moja nilitia urea saa nane mchana juu ya udongo kama huo, mkavu, nikidhani mvua ingekuja jioni. Haikuja. Nilichonunua kiliondoka na upepo wa kusi.

Udongo mwekundu wa Magarini na Marafa. Juu ni mwepesi, ukichimba chini unashika kidogo. Huu ni mvumilivu, ila ukilimwa mahindi matupu bila kurudishiwa kitu huisha polepole, na mwenyewe hushtuka siku umeshaisha.

Tope la Mto Sabaki. Ni ule udongo unaoifanya bahari ya Malindi kuwa ya kahawia wakati wa mvua, unatoka bara mbali huko Athi. Kwa kawaida una rutuba kuliko wenzake. Tatizo lake ni maji. Yakituama, vijidudu visivyopata hewa huigeuza naitreti kuwa gesi ikapotea angani.

Mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi nao una tabia hiyohiyo.

3. Andika kila kipande kimelimwa nini miaka mitatu iliyopita.
Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Udongo wa aina moja, uliolimwa vitu tofauti, hutoa majibu tofauti kabisa.

Mahindi kila msimu, mabua yakaliwa na ng'ombe au yakachomwa: tarajia naitrojeni ya chini. Gunia moja la kilo 90 huondoka na karibu kilo moja na nusu ya naitrojeni ndani ya punje tu. Ukihesabu na mabua, ni kama kilo mbili.

Mahindi na kunde pamoja: watu hudhani kunde zinayalisha mahindi papo hapo. Kwa kiasi kikubwa hapana. Kunde hujilisha zenyewe kwanza kutoka hewani, na faida ya mahindi huja msimu unaofuata, majani na mizizi ya kunde ikioza palepale. Ukizing'oa na mizizi ukampelekea mbuzi, umeipeleka naitrojeni bomani. Basi irudi na samadi.

Pojo na mbaazi: ni vivyo hivyo, ila mbaazi hukaa zaidi, mizizi yake huenda chini, na majani yake hudondoka shambani kwa miezi. Kwa mchanga mimi naipenda mbaazi kuliko zote.

Muhogo mfululizo: wengi husema muhogo haumalizi ardhi. Unavumilia ardhi iliyoisha, hilo ni jambo jingine. Ukitoa mizizi, miti na kisamvu, hubaki kitu kidogo sana.

Chini ya mikorosho, miembe na minazi: udongo wa kivulini huwa na rutuba kuliko wa nje, kwa majani yanayodondoka na mifugo inayofungwa hapo. Kipime kando.

Mivinje: hapa watu hushangaa. Mvinje unavuta naitrojeni kutoka hewani kama kunde, kwa msaada wa bakteria waitwao Frankia walioko mizizini. Lakini vijani vyake vilivyodondoka huoza polepole mno. Ukikata fito zako kisha ukalichoma lile zulia la majani ili upate shamba safi, naitrojeni yake nyingi imekwenda na moshi.

Mstari wa kugawa shamba uufuate udongo na historia vyote viwili. Wekundu wenye mahindi ni kipande A, wekundu uliokuwa na mbaazi ni B, mchanga wenye muhogo ni C. Vipande vitatu vinne vinatosha kwa mashamba mengi. Ukifika kumi unajichosha.

4. Chukua sampuli.
Ndani ya kipande kimoja tembea kwa kupindapinda, ukisimama mahali 15 hadi 20. Kila mahali fagia majani ya juu, chimba shimo lenye umbo la V la kina cha inchi 8, kisha kata ukuta wake mmoja kipande chembamba kama slesi ya mkate kutoka juu hadi chini. Tia ndooni.

Usichukue sampuli mahali hapa: mahame (palipokuwa na nyumba zamani), palipokuwa na boma, penye kichuguu, palipochomwa makaa, ukingoni mwa njia, chini ya mti mmoja ulio peke yake, wala palipokuwa na rundo la samadi. Shimo moja la mahame linaweza kukufanya uamini una shamba la kitajiri.

Usiende siku ulizotoka kutia mbolea. Ngoja miezi miwili angalau.

Kosa jingine la kawaida: kuchimba inchi 3 kwa sababu ardhi ni ngumu. Juu pale ndipo palipo na majani yaliyooza, kwa hiyo majibu yatapanda kwa uongo. Ikiwa ngumu, nenda asubuhi baada ya manyunyu.

5. Changanya, kausha, peleka.
Mimina kwenye turubai, vunja madonge, toa mawe na mizizi, changanya vizuri. Gawa mafungu manne kama msalaba, tupa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, rudia mpaka ibaki nusu kilo. Anika kivulini penye upepo. Si juani, wala jikoni karibu na moto. Andika kwenye mfuko: kipande, tarehe, kina, mazao ya awali. Tia karatasi nyingine ndani, kwa sababu wino wa nje hufutika safarini.

Maafisa wa kilimo wa kaunti au kituo cha KALRO (taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo) cha Msabaha watakuelekeza pa kupeleka. Maabara kubwa ya udongo ya KALRO iko Kabete, Nairobi. Ulizia vipimo hivi: naitrojeni yote (yaani jumla yake), kaboni, pH (uchachu wa udongo), fosforasi na potasiamu. Ukitaka naitreti iliyopo sasa hivi, hiyo ni sampuli ya namna nyingine: haikaushwi, huwekwa kwenye barafu na kufika maabara haraka. Mkulima wa kawaida haihitaji.

6. Huku ukingoja majibu, jaribu kwa madumu.
Hii ni ya bure na mimi naiamini sana. Kwa kila kipande jaza madumu mawili udongo wake, kama kilo 5 kila moja. Yote mawili tia punje chache za TSP, ili fosforasi isije ikaficha ukweli. Usitumie mbolea ya DAP, ina naitrojeni ndani. Panda mahindi manne, ubakishe mawili. Dumu moja liache hivyo. La pili ulitie CAN nusu kijiko cha chai kwa jumla, ukiikoroga majini na kuigawa mara mbili: wiki ya kwanza baada ya kuota na wiki ya tatu.

Wiki ya tano yaweke bega kwa bega. Lenye CAN likiwa la kijani kibichi na mwenzake amepauka, kipande hicho kina njaa ya naitrojeni. Yakiwa sawa na yote yamenawiri, usipoteze pesa hapo. Yakiwa sawa na yote yamepauka, shida si naitrojeni: huenda ni chumvi, au ni udongo wa chokaa unaobana zinki na chuma.

7. Soma ripoti.
Naitrojeni yote huandikwa kwa asilimia. Kiwango kinachotumika sana kwetu ni 0.2: kufika hapo ni ya kutosha, chini yake ni pungufu, na chini ya 0.1 ni haba. Mchanga wetu ukiuona na 0.05 usizimie.

Namba hii huwachanganya watu. Udongo wa inchi 8 za juu kwenye ekari moja una uzito wa kama tani 1,200. Asilimia 0.05 yake ni kilo 600 za naitrojeni. Nyingi, sivyo? Lakini karibu yote imefungwa ndani ya mboji, mmea hauwezi kuigusa. Vijidudu huifungua kidogo kidogo, tuseme asilimia 2 kwa mwaka. Hiyo ni kilo 12. Hicho ndicho chakula halisi cha mahindi yako.

Na sehemu kubwa ya kilo hizo hufunguliwa mvua ya kwanza inapopiga udongo mkavu. Mahindi yaliyopandwa mapema huiwahi. Yaliyopandwa wiki tatu baadaye, kwenye mchanga, hukuta imeshateremka.

8. Piga hesabu.
Mfano wa ekari moja ya mchanga wenye 0.05, unataka magunia 10:

Mahitaji ni kama kilo 20 za naitrojeni. Udongo utatoa kama 10 katika zile 12 za mwaka mzima. Zimepungua 10. Lakini mchangani mmea hupata karibu nusu tu ya unachotia, kwa hiyo tia 20. Mfuko wa kilo 50 wa CAN una kilo 13 za naitrojeni, basi ni mfuko mmoja na nusu. Mfuko wa urea una kilo 23, wa DAP una 9.

Ukiwa na samadi, punguza. Konzi mbili tatu kwa shimo, kama robo kilo, ni karibu tani mbili kwa ekari. Ikiwa kavu na ina asilimia 1 ya naitrojeni, msimu wa kwanza itakupa kilo 4 au 5. Samadi iliyokaa juani nusu mwaka huwa na kidogo kuliko hapo. Ifunike kwa makuti.

9. Tia kidogo kidogo.
Ukipanda mbegu mbili kwa shimo, futi 3 kwa 2, ekari ina mashimo kama 7,260. Mfuko mmoja na nusu wa CAN ukigawanywa ni gramu 10 kwa shimo. Kifuniko cha chupa ya soda kilichosawazishwa kina kama gramu 5. Kwa hiyo ni kifuniko kimoja mahindi yakifika magotini, na kimoja karibu wiki tatu baadaye, kabla hayajatoa mbelewele. Tia kando, upana wa kiganja kutoka kwenye shina, kisha fukia.

Kwenye mchanga ukitia vyote siku moja umeulisha mwamba wa chini. Kwenye mfinyanzi unaweza kwenda mara moja au mbili, mradi maji hayajatuama. Urea ifukiwe siku zote, udongo ukiwa na unyevu.

10. Kagua vinundu vya kunde.
Kunde zikianza kutoa maua, ng'oa mmea mmoja kwa jembe, taratibu, usiuvute kwa mkono maana vinundu vitabaki ardhini. Suuza mizizi. Vile vidonge vidogo ubavuni ndivyo vinundu, nyumba ya bakteria wanaovuta naitrojeni hewani; pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama mbichi, kinafanya kazi. Cheupe bado kichanga au hakifai, cha kijani kimekwisha. Bibi mmoja jirani yangu alikuwa anaing'oa mimea yenye vinundu akidhani ni ugonjwa wa minyoo. Nilimpasulia kimoja kiganjani mwake. "Haya mwanangu," akasema, "na wale niliowatupa wiki yote?" Niliwakusanya, tukawafukia kwenye mashimo ya ndizi.

Ikiwa mizizi ina uvimbe unaoanza ndani ya mzizi wenyewe, usiobanduka, hiyo kweli ni minyoo. Kinundu kizuri hubanduka kwa kidole.

Mambo yakienda kombo

*Majani ya chini yanakuwa manjano kuanzia ncha, kama V katikati ya jani.* Naitrojeni. Tia kifuniko kimoja cha CAN sasa hivi ikiwa mahindi hayajatoa mbelewele. Yakishatoa, hasara hiyo ipokee.

*Majani ya juu, machanga, yana mistari myeupe au ya manjano.* Si naitrojeni. Zinki au chuma, hasa kwenye udongo wa tumbawe. Kuongeza CAN hakusaidii.

*Manjano yameanza kwenye kingo za majani ya chini.* Potasiamu. Ni kawaida palipolimwa muhogo au minazi muda mrefu.

*Nilitia mbolea, usiku ikanyesha mvua kubwa.* Kwenye mchanga, ngoja siku kumi uangalie rangi. Yakipauka rudia nusu kipimo. Kwenye wekundu usifanye kitu.

*Nimefukia mabua au makumbi, sasa mahindi ni manjano kuliko mwaka jana.* Vijidudu vinavyoozesha mabua vimeikopa naitrojeni yako, vitairudisha baadaye. Msimu ujao fukia mapema, au acha mabua juu kama matandazo. Makumbi yaweke kuzunguka miti.

*Kunde hazina vinundu kabisa.* Angalia kwanza kama ulitia CAN nyingi. Zikipata ya bure hazijishughulishi. Bakteria wa kunde wako kwenye udongo wetu wengi, huhitaji kununua. Mara nyingi kinachokosekana ni fosforasi.

*Majibu ya mwaka huu yako chini kuliko ya mwaka jana, na mimi niliweka samadi.* Ulichukua mwezi uleule? Kina kilekile? Sampuli ya Machi na ya Julai hazilinganishwi. Kama vyote ni sawa, angalia mabua yalikwenda wapi.

*Dumu na ripoti vinapingana.* Mimi huliamini dumu kwa msimu huu na ripoti kwa miaka mitatu ijayo. Likionyesha njaa, lisha.